Kinda ghali haendi: dalili, sababu na la kufanya

Msimu ukifika mechi ya sita au ya saba, simu zinaanza kuingia. Huyu anapiga kutoka Wete, yule yupo Mwanakwerekwe, na maneno hayapishani: "Bwana, yule dogo tuliyemchukua, mbona siye?" Nimekaa kamati ya usajili ya klabu moja ya mjini Unguja kwa miaka tisa. Nimewahi kupata lulu kwa bei ya nauli ya boti, na nimewahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena kwa pesa za wanachama. Yaliyomo humu ni yale ninayoulizwa kila msimu.

Neno "ghali" lipimwe kwa mfuko wa mnunuzi. Mwaka 2019 Atlético Madrid walitoa euro milioni 126 kwa João Félix, kijana wa miaka 19. Msimu wa 2020/21 wakabeba ubingwa wa Hispania huku yeye akianzia benchi mechi nyingi. Klabu ya shehia inayochangishana milioni tatu barazani haina nafasi hiyo. Ikikosea mmoja, mwakani haina jezi.

Anza kila mara na ukaguzi wa bure: tazama, uliza, hesabu. Pesa itoke mwisho. Sababu nimezipanga kwa jinsi ninavyozikuta mara nyingi, na palipoandikwa SIMAMA, usiendelee kujitengenezea mwenyewe.

Dalili: Majaribio alikuwa moto, kwenye ligi amepoa

Sababu inayoongoza kwa mbali ni tumbo na malazi, na viongozi wengi hawapendi kuisikia kwa sababu lawama inawarudia wao.

Tulichukua winga kutoka Micheweni, miaka 17, mbio kama mwale. Kila mechi, ikifika dakika ya 55, mikono magotini. Mwalimu akasema mvivu, jukwaani wakampachika jina ambalo silirudii hapa. Siku moja nikapita wanapolala, baada tu ya sala ya alfajiri. Chumba kimoja, vijana sita, magodoro mawili. Dirishani pana mfuko wa plastiki wenye nusu ya mkate wa mofa na kopo la sukari. Nikamuuliza siku ya mechi anakula nini. Chai na boflo saa moja asubuhi, basi. Mechi saa kumi jioni. Pesa ya chakula cha mchana tulikuwa tukimpa mkononi, na yeye alikuwa akiiweka mpaka itimie kiasi cha kumrushia mama yake kwa simu.

Dawa yake haikuwa mazoezi ya ziada. Tulikubaliana na mama ntilie jirani, tukawa tunamlipa yeye moja kwa moja: wali na samaki saa sita, uji usiku. Na mama wa kijana tukampangia kiasi chake kidogo kila mwezi, wazi, mtoto asijifiche. Baada ya wiki tatu alikuwa anamaliza dakika 90 na bado anakimbilia mpira wa kona.

Kwa hiyo kabla hujamwita mvivu, uliza maswali matatu: leo umekula nini na saa ngapi, unalala wapi na nani, mshahara wako unakwenda wapi. Ikiwa ni Ramadhani, mazoezi yawe usiku na hukumu isubiri Shawwal.

Sababu ya pili: mlimpima kwa mechi moja. Mwezi wa Januari, wakati wa Kombe la Mapinduzi, mji mzima unakuwa skauti. Dogo anafunga mabao mawili Amaan chini ya taa, na kesho yake bei imepanda mara tatu. Hakuna aliyemwona kwenye kiwanja cha vumbi, ugenini, timu yake imeshafungwa mawili na beki wa miaka 30 anamkanyaga vidole. Nenda kamtazame huko. Mechi tatu ndiyo chini kabisa, na moja kati ya hizo iwe ya kufungwa. Mtazame zaidi anapopoteza mpira: anarudi, au anainua mikono kwa mwamuzi?

Sababu ya tatu ni kumhamisha namba. Alinunuliwa kwa sababu anaingia ndani kutoka kushoto, kafika kapangwa kulia kwa kuwa kushoto kuna mtoto wa mwenyekiti. Hili halihitaji fundi.

Ya nne ni bei yenyewe. Akijua kachangiwa, kila pasi inayopotea anaisikia jukwaani kwa shilingi. Msitangaze bei. Sijaona faida ya kuitangaza hata siku moja zaidi ya sifa za viongozi.

Ukishakagua yote hayo na bado, fikiria mkopo, yaani kumpeleka klabu nyingine akacheze kwa muda. Martin Ødegaard alichukuliwa na Real Madrid mwaka 2015 akiwa na miaka 16. Akapita Heerenveen, Vitesse na Real Sociedad kabla ya kufika Arsenal, ambako alikuja kuwa nahodha. Lakini mkopo si hirizi. Bayern walimnunua Renato Sanches mwaka 2016 kwa euro milioni 35, mwaka uliofuata wakampeleka Swansea, na akarudi vile vile. Tofauti iko kwenye unampeleka kwa nani na atacheza dakika ngapi. Klabu inayompokea iandike, na mtu wenu mmoja awe anakwenda kumtazama.

SIMAMA: kijana akiacha kulala, akijitenga, akilia bila sababu au akatamka neno la kutaka kufa, habari ya mpira imeisha. Mpeleke hospitali, umwambie daktari hivyo hivyo ulivyosikia, na asiachwe peke yake usiku huo.

Dalili: Umri wake haukai sawa

Cheti kinasema 16, ndevu zinasema vingine. Ndevu si ushahidi, wapo wanaokomaa mapema. Mara nyingi chanzo ni uzembe tu: mtoto kazaliwa nyumbani, kasajiliwa miaka baadaye, tarehe ikakisiwa. Mara nyingine cheti ni cha mdogo wake. Na mara chache, lakini ndizo zenye gharama kubwa, kuna mtu kalipwa kupunguza miaka.

Anza na skuli. Daftari la uandikishaji la darasa la kwanza halikuandikwa kwa ajili ya mpira, ndiyo maana nalipenda. Linganisha na kadi ya kliniki ikiwepo, kisha waulize waliosoma naye wako kidato gani sasa. Cheti chenyewe kihakikiwe kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, usiridhike na nakala iliyopigwa picha kwa simu. Barua ya sheha inasaidia kujua anakaa wapi na ni mtoto wa nani. Kuhusu mwaka wa kuzaliwa, sheha naye kaambiwa tu kama wewe.

Kipo pia kipimo cha kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI, ambacho FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009. Kinatazama kama mfupa umeshafunga sehemu yake ya kukulia. Umeshafunga kabisa, ni vigumu mwenyewe kuwa chini ya 17. Tarehe ya kuzaliwa hakikupi, kwa hiyo asikudanganye mtu kuwa "MRI imesema kazaliwa Machi".

Haya si ya kupuuza. Timu yetu ya Zanzibar ya vijana chini ya miaka 17 ilitolewa kwenye mashindano ya CECAFA, ya Afrika Mashariki na Kati, kule Burundi mwaka 2018 kwa ajili ya umri huu huu.

SIMAMA: ukigundua cheti kimeghushiwa, usikirekebishe, usitafute kingine, na usikae nacho kimya. Mwite mwanasheria, kisha iende ZFF, shirikisho la soka la Zanzibar, kwa maandishi. Ukikaa nacho, kimekuwa chako.

Dalili: Kila baada ya wiki mbili kaumia

Hesabu mechi zake kabla ya kumtazama mguu. Chukua karatasi, andika wiki nne zilizopita: klabu, skuli, timu ya mkoa, na ndondo, yaani mechi za mtaani. Ndondo ndiyo hawaitaji mpaka uwabane. Kijana mmoja wetu alijaza mechi 14 kwenye wiki nne, na sisi tulikuwa tunajua saba tu. Hakuna msuli wa miaka 17 unaobeba hivyo. Mkataba useme wazi kuhusu ndondo, na umlipe kiasi ambacho hatoitamani bahasha ya elfu ishirini ya Ijumaa.

Inayofuata ni kurudi mapema. Msuli wa nyuma ya paja ukichanika, maumivu huondoka kabla ya msuli kupona. Dogo anasema "niko poa, mwalimu", na kweli hasikii kitu, mpaka mbio ya kwanza ya kasi. Apite hatua: kutembea, kukimbia taratibu, kukimbia kasi kamili kwa siku kadhaa, mazoezi na wenzake, ndipo mechi.

Kwa wenye miaka 13 hadi 15 kuna maumivu ya ukuaji, kinundu chini kidogo ya goti kinachouma akipiga magoti. Huyo anapunguziwa mazoezi na kusubiriwa. Klabu inayomtupa kwa hilo imemzawadia jirani.

Bahati nayo ipo. Barcelona walimchukua Ousmane Dembélé mwaka 2017, miaka 20, kwa euro milioni 105 na nyongeza juu yake. Septemba ile ile, ugenini kwa Getafe, akachanika paja. Miaka sita akawa mtu wa kuumia na kupona. Wakamwachia PSG mwaka 2023 kwa karibu nusu ya ile bei, na mwaka 2025 akabeba Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia. Watu humtaja kama mfano wa hasara. Mimi namtaja kama mfano wa mnunuzi aliyelipa matibabu na malezi yote, halafu mwingine akavuna.

SIMAMA: goti lililolia "ta" na kuvimba ndani ya saa chache, mguu asioweza kuukanyagia, kipigo cha kichwa kilichomfanya asahau matokeo ya mechi, kuzimia akiwa anakimbia. Hili la mwisho ni la daktari wa moyo, na asiguse mpira mpaka aandikiwe ruhusa. Goti la aina hiyo lisikandwe. Nawaheshimu wakandaji wetu na nimekandwa mara nyingi, lakini goti bichi lenye uvimbe barafu ndiyo yake, kisha daktari wa mifupa. Ikithibitika mshipa wa ndani ya goti umekatika na akapasuliwa, hesabu miezi tisa kwenda juu kabla ya mechi, hata tajiri wa klabu akasirike vipi.

Dalili: Wenye naye wamezidi

Umeshalipa. Mwezi mmoja baadaye anatokea mtu wa kituo cha vijana anasema mtoto ni wake. Mjomba naye ana karatasi. Halafu wakala, kutoka Dar es Salaam, anasema ana asilimia 30 ya mauzo yajayo.

Chanzo cha kawaida ni kwamba ulimlipa aliyekaa karibu na meza. Kabla pesa haijatoka, uliza: klabu gani imemsajili sasa hivi, kwa kumbukumbu za ZFF? Mzazi au mlezi wa kisheria ni nani? Wakae wote chumba kimoja siku ya kusaini, na mama awepo. Nasema mama kwa makusudi. Nimeona mikataba mitatu ikivunjika kwa sababu baba aliyesaini hakuwa akiishi na mtoto tangu ananyonya.

Wakala mwenye asilimia ya mchezaji hana lake. FIFA ilipiga marufuku watu wa nje kumiliki haki za uchumi za mchezaji tangu tarehe 1 Mei 2015. Analipwa ujira wa kazi yake, hamiliki mguu wa mtu.

Mchezaji wa chini ya miaka 18 asisainishwe zaidi ya miaka mitatu, miaka inayozidi hapo FIFA haiitambui. Na kifungu cha kuvunja mkataba kisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, wote wakisikiliza. Feisal Salum, kijana wetu wa hapa hapa, Desemba 2022 alitaka kuondoka Yanga kwa kuulipia mkataba wake, kamati ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, na mambo yakavutana mpaka mwaka 2023 alipokwenda Azam. Sichukui upande. Nasema kama wakubwa wale wanasoma kifungu kimoja kwa macho mawili tofauti, karatasi yako ya mkono iliyosainiwa kibarazani itasomwa vipi?

Ila yule mtu wa kituo usimfukuze mlangoni. Vyaelea vimeundwa. Kinda akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba kwisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa 23: robo asilimia ya bei kwa kila mwaka mpaka 15, na nusu asilimia kwa kila mwaka kuanzia 16. Akiuzwa kwa shilingi bilioni moja, klabu iliyokuwa naye miaka minne ya mwanzo ina milioni 10 zake. Anayezikosa ni yule asiye na kumbukumbu za usajili. Kwa hiyo hata wewe uliyenunua, tunza fomu zake mahali pasipovuja mvua.

SIMAMA: karatasi mbili zenye saini mbili kwa mtoto mmoja ni kazi ya mwanasheria. Mchezaji asiingie uwanjani mpaka ijulikane ni wa nani, utapokonywa pointi bure.

Dalili: Kabadilika tabia

Hapa kila mtu hukimbilia kusema "pesa zimempanda kichwani". Angalia kwanza kama hizo pesa mmemlipa. Kwa uzoefu wangu, nusu ya wanaochelewa mazoezini ni wanaodai miezi miwili. Walipwe, kisha muwahukumu.

Baada ya hapo tazama simu: nani anampigia usiku kumwambia anastahili klabu kubwa zaidi. Halafu mikeka. Mchezaji haruhusiwi kubeti mpira, na kijana mwenye deni la mikeka ni rahisi kununuliwa mechi. Muulize faragha, bila kumtisha.

SIMAMA: ikiwa ni unga, yaani dawa za kulevya, msimkalishe kikao wala msimtangaze. Zungumza na wazazi wake, kisha wataalamu wa tiba. Nyumba za kuacha matumizi zipo Unguja na Pemba.

Dalili: Hauziki

Mara nyingi mshahara ndio umemfunga, bei hufuata nyuma. Mlimpa mara tatu ya wenzake ili aje, sasa hakuna klabu itakayomlipa hivyo, na yeye hana haraka ya kuondoka.

Fanyeni hesabu ya kugawa bei kwa miaka ya mkataba. Félix alisaini miaka saba, kwa hiyo euro zile milioni 126 vitabuni ni milioni 18 kila mwaka. Baada ya miaka mitatu zimebaki 72, na ukimuuza chini ya hapo ni hasara iliyoandikwa. Kwetu ni hivyo hivyo: milioni 6 kwa miaka mitatu ni mbili kwa mwaka. Ukipewa milioni 3 mwaka mmoja kabla ya mwisho, hiyo ni faida, usiikatae kwa sababu ulinunua kwa 6. Pesa ya mwanzo imeshakwenda.

Dalili: "Ulaya wanamtaka"

Swali la kwanza: ana miaka mingapi? Chini ya 18, FIFA hairuhusu ahamishiwe nchi nyingine kwa ajili ya mpira. Milango michache iliyoachwa wazi, kama wazazi kuhama kwa sababu zao zisizohusu mpira, vijana walio tayari ndani ya Umoja wa Ulaya, au wanaokaa kilomita 50 kutoka mpakani, haimfikii mtoto wa Konde. Barcelona walifungiwa kusajili mwaka mzima wa 2015 kwa kuvunja sheria hii. Real Madrid walikubaliana na Flamengo kuhusu Vinícius Júnior mwaka 2017 akiwa na miaka 16, na bado akabaki Brazil mpaka Julai 2018 alipotimiza 18. Basi wakala wako anayetaka kumsafirisha mtoto wa 15 mwezi ujao kapata wapi njia waliyoikosa Madrid?

Swali la pili: nani anatoa pesa? Klabu inayomtaka mchezaji hailipishi majaribio. Mzazi mmoja wa Pemba aliniletea barua ya mwaliko ikiwa na nembo nzuri kabisa. Alikuwa tayari kuweka rehani mikarafuu yake kwa "ada ya viza na bima". Jina la klabu kwenye nembo liliandikwa tofauti na lile la chini ya barua, na anwani ya kujibu ilikuwa barua pepe ya bure ambayo hata mimi ningeifungua kwa dakika mbili. Tukatafuta namba kwenye tovuti ya klabu yenyewe, tukapiga. Hawakumjua wakala wala mtoto.

Fanya hivyo hivyo. Namba uitafute mwenyewe, usitumie iliyo kwenye barua. Jina la wakala lihakikiwe kwenye orodha ya FIFA ya mawakala wenye leseni. Pasi ya kusafiria ya mtoto ikae kwa mzazi.

SIMAMA: ukiombwa pesa kwa simu, au ukiambiwa mtoto asafiri kwanza na karatasi zitafuata, usijibizane na mtu huyo wala usimtishe. Hifadhi ujumbe wote na namba zilizotumika, nenda polisi, na nakala ipeleke ZFF. Ikiwa pesa imeshatumwa, pigia kampuni ya simu siku hiyo hiyo kuomba muamala uzuiwe. Ukingoja kesho, ishatolewa.